Nati za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 5 Julai 1993

Nimezinywesha tena. Nati kumi na sita za magurudumu ya nyuma, nane kila upande, kila moja kijiko cha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu. Asubuhi kabla ya uji, jioni kabla ya ugali. Ndiyo kazi yangu kwenye lori. Mathayo anasema bila mimi kutu ingekuwa imeshatushinda.

Hii ni wiki ya kumi na moja ya ndoa. Bado nikimsikia akikohoa uani moyo unaruka. Nimeolewa! Naandika tena ili nilione neno: nimeolewa. Mimi, Veronika, mke wa Mathayo.

Lori limesimama mbele ya nyumba, kati ya jiwe kubwa na kamba yangu ya kuanikia. Nyakato nzima, hapa Mwanza, wanalijua. Kiwanda cha pamba kilipopunguza watu, wenzake walinunua mabati, wengine baiskeli. Yeye kiinua mgongo chake chote alikipeleka mnadani akanunua lori ambalo yeye mwenyewe, akiwa karani wa stoo, alikuwa akiliandika kila mwezi kwenye daftari: bovu. Limenyeshewa miaka sita. Injini inawaka. Mbele halina magurudumu, limekalia magogo. Ya nyuma yapo lakini hayazunguki, breki zimeganda ndani. Ili azifikie breki lazima magurudumu yatoke. Ili yatoke lazima nati zifunguke. Nati hazitaki.

Zitataka. Tutabeba makopa ya mihogo kutoka Sengerema, tutapanda kivuko pale Kamanga, mimi nimekaa mbele pembeni yake, kitambaa cha bluu kichwani. Siku hizi kila mtu anaruhusiwa kufanya biashara. Kwa nini si sisi?

Nati za kulia nimezipa majina ya wageni wa harusi waliokataa kucheza. Za kushoto, majina ya watoto wetu. Wanane! Mathayo alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu.


Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Watu wameenda mjini. Sisi tumebaki na lori, na sitaibadilisha siku hii kwa sikukuu yoyote.

Imefunguka moja!

Alipasha ncha ya mtaimbo kwenye jiko langu la mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaibandika juu ya nati ikakaa hapo muda mrefu. Nati ikaanza kufuka moshi. Akasema fundi mmoja wa kiwandani alikuwa akiyeyusha mshumaa kwenye nati yenye moto, nta inapita mahali mafuta yanaposhindwa. Mshumaa hatukuwa nao. Yaani tulikuwa nao mmoja.

Nikaenda kuuleta. Mshumaa wetu wa kanisani, wenye utepe mweupe. Alinitazama. Nikasema, tuliuwasha ili utuangazie njia, si ndiyo hii njia? Akanishika shavu kwa mkono wenye masizi. Sijanawa mpaka sasa.

Nta ikanywewa. Akachomeka spana, akavalisha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili upate urefu, upande wa mkono wake wa kushoto, mkia wa bomba ukielekea nyuma ya lori. Akapanda juu ya mkia. Akaruka. Kwanza kimya. Halafu nati ikalia kama mbuzi, ikazunguka robo.

Tulipiga kelele kama watoto. Mgeni wa kwanza amekubali kucheza.


Jumamosi, 10 Julai

Zote nane za kulia! Gurudumu lile limelala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Mathayo amepasuka viganja viwili. Nimempaka samli, nimevibusu vyote viwili. Karani wangu ana viganja vya fundi.

Mama Kulwa, jirani yetu, alisimama mlangoni pake na mapacha wake wamemshika gauni. Huwa anamwita "Bwana Kalani", kwa ulimi wa kwao. Siku zote anamchokoza. "Bwana Kalani, hiyo ni nati au jino la mamba?" Leo alisema, "Haya, Bwana Kalani, umeng'oa. Sasa mwachie mkeo apumzike, huoni anavyolala ovyo?" Akanitazama tumboni, akacheka, akaingia ndani.

Anajua. Amezaa saba, hawezi kudanganywa. Miezi miwili sasa. Hata kuandika nashikwa na aibu na furaha.

Mathayo sijamwambia. Nimeipangia siku yake. Lori litakapokuwa juu ya kivuko, maji pande zote, amezima injini na ameshusha kioo, ndipo nitamwambia. Nataka anikumbuke hivyo mpaka tuzeeke. Ni wiki tatu tu, labda nne. Naweza kuishika siri wiki nne. Tamu kama pipi chini ya ulimi.


Jumapili, 11 Julai

Kanisani, halafu samaki. Kutoka kwa Baba hakuna barua.

Sitaki kuandika juu ya Baba lakini leo nimemuota. Miaka thelathini ameendesha malori ya misheni huko kwetu Majita na kuyatengeneza mwenyewe. Wazee wa Mathayo walipokuja kuposa aliwasikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona mikono ya kijana. Akaigeuza kama anayenunua ndizi. Akasema, "Huyu hawezi kulegeza hata nati. Mikono inanuka karatasi." Mbele ya watu wote. Harusini alikuja Mama peke yake.

Mathayo hajawahi kulirudia neno lile. Lakini ninajua lori ni jibu. Kila nati ni jibu. Kwa hiyo nimeapa: jina la Baba halitasikika karibu na lori hili.


Jumanne, 13 Julai

Upande wa kushoto hausikii.

Siku mbili. Tumefanya yote yaleyale. Brashi ya waya, mafuta, nyundo kuzunguka nati kwa upole, moto, nta ya mwisho ya mshumaa. Anasimama vilevile, bomba vilevile upande wa mkono wake wa kushoto. Anaruka. Nati hata hazilii.

Nimekumbuka kitu nikiwa naosha vyombo. Nikiwa na miaka minane au tisa Baba alikuwa ananikalisha chini kwenye kivuli cha lori na bakuli mbili za bati mapajani, nimshikie nati. Ya bluu kwa nati za kulia, nyeupe kwa za kushoto. Ole wangu nikizichanganya. Alikuwa anasema gari likienda mbele linajikaza lenyewe, kwa hiyo ukitaka kufungua, upande wowote ule, mkia wa bomba urudi nyuma.

Upande wa kulia Mathayo aliuweka mkia nyuma. Kushoto anauweka mbele. Mkono wake ni uleule, lakini lori limegeuka.

Sina hakika. Lile lilikuwa lori jingine, na mimi mtoto. Huenda si malori yote. Nitasema nini? "Baba yangu alisema"?


Alhamisi, 15 Julai

Siku mbaya. Spana iliponyoka akakwaruza kifundo cha mkono mpaka nyama. Akaitupa. Iligonga jiwe kubwa, cheche zikaruka. Sijawahi kumwona akitupa kitu.

Nikamletea maji. Hakunywa. Alikuwa anatazama nati, si mimi. "Baba yako angecheka," akasema.

Ni hayo tu. Akaenda kuiokota spana, akaifuta kwa shati, akaomba radhi. Kwangu au kwa spana, sijui. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia habari ya mkia wa bomba. Nikaufunga. Ningelisemaje, dakika ile?

Mama Kulwa amempigia kelele aite fundi, wamejaa huko Mabatini. "Shemeji, kiburi hakiendeshi gari!" Akajibu lori ni lake na nati ni zake.

Ninampenda. Nampenda mpaka kifua kinauma. Lakini leo nilimwogopa kidogo. Simwogopi yeye. Naogopa kumuumiza.


Ijumaa, 16 Julai

Nimeona.

Mathayo alienda sokoni. Nilichukua brashi ya waya nisafishe tena ncha za bolti za kushoto, pale zinapochomoza katikati ya nati. Kutu ikabanduka kama ganda la kidonda. Chini yake kuna herufi. L. Nikasugua ya pili. L. Nikazunguka kulia, kwenye bolti zilizo wazi. R.

Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha hapo: left ni kushoto, right ni kulia. Za kushoto zimechongwa kinyume makusudi, zizunguke upande mwingine. Baba alikuwa sahihi. Wiki hii nzima Mathayo amekuwa akizikaza. Kwa uzito wake wote, akiruka.

Nikamsikia anakuja na wimbo mdomoni. Ameninunulia muwa. Nimepaka oili chafu juu ya herufi haraka, zote nane, kama mtu anayeficha barua.

Kwa nini nimezipaka? Naandika hapa ili nijijibu. Kwa sababu nataka azione yeye. Jumapili baada ya kanisa, akiwa ametulia, nitampa brashi nijifanye nimechoka. Atasugua, ataona L, atapiga kelele aniite nije nione alichogundua. Nami nitashangaa. Nitashangaa vizuri sana. Itakuwa yake, haitakuwa ya Baba, haitakuwa hata yangu.

Siku mbili tu. Muwa ulikuwa mtamu.


Jumamosi, 17 Julai

Asubuhi. Hakusubiri. Amekwenda kiwandani kwa mlinzi akaazima bomba refu zaidi. Anasema uzito wake peke yake hautoshi, ananiita. Nitaandika jioni.


Alhamisi, 22 Julai

Sikuandika jioni.

Imekatika bolti. Haikuwa nati iliyofunguka. Ilikuwa bolti, ilikatika.

Nilikuwa mwishoni mwa bomba, nimemshika mabega kwa nyuma. Alikuwa anacheka. Alisema tunaonekana kama kuku wawili juu ya kijiti. Akahesabu, moja, mbili. Kwenye tatu tuliruka wote. Mlio kama bunduki, halafu hapakuwa na kitu chini ya miguu. Yeye aliangukia magoti. Mimi niliangukia ubavu, kwenye ukingo wa jiwe kubwa.

Niliinuka. Nilisema sijaumia. Niliweka maharage motoni. Mchana tumbo likaanza.

Mama Kulwa alinishika. Mathayo alitafuta gari, hakupata, akanibeba mgongoni hadi barabarani. Hospitali nimelala siku nne. Mimba imetoka.

Nesi alimwambia kabla yangu. Alimpa pole ya mtoto. Nilimwona anageuka kunitazama, uso wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Hivyo ndivyo alivyopata habari. Si kwenye kivuko.

Nilikuwa na maneno mawili ya kusema kabla sijapanda kwenye bomba. Lolote kati yake lingetosha.


Ijumaa, 23 Julai

Nimelala. Hakuna kingine.


Jumamosi, 24 Julai

Miezi mitatu ya ndoa leo.

Mathayo amefua mashuka. Mwenyewe, uani, watu wanamwona. Kamba ya kuanikia iko karibu na lori, kwa hiyo aliligeuzia mgongo muda wote. Bomba bado linaning'inia pale, limenasa kwenye spana, mkia mbele.

Hakuna aliyezinywesha nati wiki nzima.

Nilizipa majina. Sitaandika ni ipi iliyokatika.


Jumanne, 27 Julai

Ananiomba msamaha. Asubuhi, mchana, akinipa uji. Anasema, "Nimemuua mwanangu kwa ajili ya nati." Anasema mtu mwenye akili hampandishi mkewe juu ya bomba. Nikimwambia hukujua, analia zaidi. Anasema ningejua, ningekutazama vizuri ningejua.

Kila anaponiomba msamaha nazama. Anapiga magoti mbele ya mtu aliyezipaka oili herufi.

Naweza kunyamaza. Hakuna anayejua. Oili bado ipo juu yake. Naweza kunyamaza miaka arobaini, niwe mke mwema, nimlee, nimzalie wengine, naye ataendelea kuubeba mzigo wangu akidhani ni wake. Nikimwambia, atajua aliyeoa ni mtu gani.

Leo sijampenda mtu yeyote. Hata Mungu.


Alhamisi, 29 Julai

Amekuja mtu kulitazama lori. Anataka vyuma tu, alikate. Mathayo amemwambia arudi wiki ijayo na gari la kubebea.

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kusema lori halina kosa. Nikaingia ndani.


Ijumaa, 30 Julai

Baba amekuja.

Mama Kulwa alituma neno kwa kondakta wa basi la Musoma, hakuniuliza. Saa tisa alasiri nikasikia mapacha wanapiga hodi kwa niaba ya mgeni. Baba, na kofia yake, na bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa. Karanga kutoka kwa Mama. Bakuli jeupe. Ukingo umebanduka palepale ulipobanduka nikiwa mdogo.

Mathayo alitoka, akasimama mita mbili, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba." Nilidhani hatajibu. Alijibu. "Marahaba, mwanangu. Pole. Poleni sana." Akaenda akamshika mikono, yote miwili, akaigeuza kama siku ile. Ina makovu sasa, na weusi ambao sabuni haiondoi. Akaitazama muda mrefu.  Aliishika tu.

Mathayo alilia mbele ya baba mkwe wake. Nami nililia nyuma ya mlango.

Kabla ya kula Baba alitoka nje kunyoosha miguu baada ya basi. Nilimwona dirishani. Alizunguka lori. Upande wa kulia akaitikia kwa kichwa. Upande wa kushoto akasimama. Akalitazama bomba, na mkia wake. Akachutama, akafuta ncha ya bolti moja kwa kidole gumba. Akakitazama kidole.

Halafu akageuka akatazama dirishani moja kwa moja.


Jumamosi, 31 Julai

Baba ameondoka kwa basi la asubuhi. Nilimsindikiza hadi barabarani, Mathayo alibaki akishusha mifuko ya mkaa, kibarua cha siku ile.

 Karibu na kituo akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukishika bakuli jeupe."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Oili ile mpya, aliipaka nani?"

Nikasema mimi.

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara, kofia gotini, nikaona amezeeka. Alisema angeweza kuzifungua zote jana, kazi ya saa moja, lakini lori si lake. Akasema neno alilolisema wakati wa posa limemrudia kila siku, na kwamba pengine bila neno lile mimi ningesema.  Ni kweli, na si kweli yote.

Basi lilipofika alisimama akanishika kichwa kama anayebariki. "Usimwache abebe kisicho chake, mama." Akapanda.


Jumatatu, 2 Agosti

Nimemwambia.

Baada ya uji, kabla hajaondoka kwenda kutafuta kibarua. Nilimwomba akae. Nilisema yote kwa mpango, kama mwanafunzi anayesoma insha yake mbele ya darasa. Bakuli. Mkia wa bomba. Brashi. L. Oili. Muwa. Jumapili niliyokuwa nimeipanga. Nilisema pia habari ya kivuko, kwamba nilitaka aipate habari ya mtoto juu ya maji.

Aliuliza swali moja tu. "Siku ile umenishika mabega, ulijua inakaza?"

Nilijua.

Aliweka kikombe chini taratibu sana. Akatoka. Nilimwona akienda hadi kwenye lori, akachukua kitambaa, akazifuta herufi, moja baada ya nyingine, zile saba, na kisiki cha ya nane. Alisimama hapo. Nilingoja atupe spana. Hakutupa.


Jumatano, 4 Agosti

Analala kwenye kebini ya lori. Ananisalimia asubuhi, vizuri, kama unavyomsalimia mtu wa ofisini. Chakula nakiweka kwenye ngazi ya lori, anakula, anarudisha sahani imeoshwa. Hiyo sahani iliyooshwa inaniua.

Mama Kulwa amekuja kukaa nami. Nilimwambia na yeye. Alivuta ungo wa mchele mapajani. Halafu akasema, "Mdogo wangu, ulimpenda kipumbavu." Akanichambulia mchele. "Sisi sote tumewahi."

Simlaumu Mathayo. Ningekuwa yeye ningeondoka. Nimezoea kuandika hapa kwamba nina bahati kuliko wanawake wote wa Mwanza. Nimerudi kurasa za nyuma nikazisoma. Ni mtu mwingine aliyeziandika, msichana mmoja anayeruka juu ya bomba.

Alama za mshangao nyingi mno. Nimeona aibu.


Ijumaa, 6 Agosti

Yule mtu wa vyuma amekuja na gari la kubebea na vijana wawili. Mathayo alishuka kutoka kebini akaongea naye kidogo. Wameondoka bila kitu.

Hakuniambia kwa nini. Sikuuliza.


Jumamosi, 7 Agosti

Niliamka jua limeshatoka. Nikasikia chuma.

Sikutoka. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Bomba likivalishwa kwenye spana. Hatua zake. Halafu mlio ule, wa mbuzi, mfupi. Hata hakuruka. Nilisikia kabisa kwamba hakuruka. Nati ilikuwa imelegea kwa mkono tu, kama ilikuwa inangoja.

Ndilo jambo lililonivunja, ule wepesi.

Nilijitanda khanga. Karanga za Mama nilizimwaga kwenye kikapu, nikachukua bakuli. Nikatoka, nikakaa chini pale nilipoangukia, mgongo kwenye jiwe kubwa, bakuli jeupe mapajani. Mathayo alikuwa amechutama, mkia wa bomba umeelekea nyuma ya lori. Mkononi alikuwa na nati ya kwanza, anatafuta mahali pa kuiweka. Akaliona bakuli.

Alikaa hivyo muda, nati kiganjani.

Akaiweka. Hakuitupia, aliinama akaiweka. Hakunitazama. Akaenda kwenye ya pili.

 Ya pili, ya tatu. Mapacha wa Mama Kulwa walikuja wakatazama, wakaitwa ndani. Ya nne, ya tano, ya sita. Nati zina joto zikitoka, sikuwa nimekumbuka hilo. Bakuli linakuwa zito polepole.

Ya saba alikawia nayo. Kisha akaja akakaa chini, upande wa pili wa jiwe, si karibu nami. Mikono magotini. Tukalitazama gurudumu, na kile kisiki cha bolti kilichobaki peke yake, na herufi yake nusu.

Alisema kile kitahitaji kutobolewa. Alisema kwa sauti ya kawaida.

Nikasema ndiyo.

Nimeingia kuweka uji. Bakuli nimeliacha pale kwenye jiwe, kati ya nilipokuwa mimi na alipo yeye.